Mradi wa zamani wa video haufunguki: njia tano za kuurudisha na namna ya kuchagua

Tazama kwanza ukubwa wa faili la mradi. Faili lenye mwisho wa .MSWMM, .wlmp, .vsp au .veg kwa kawaida lina kilobaiti au megabaiti chache tu, ilhali saa moja ya video ya DV, ile ya kidijitali ya kanda za MiniDV, hula gigabaiti 13 hivi. Video haimo humo. Kilichomo ni maelekezo: chukua faili fulani kwenye folda fulani, anzia sekunde hii, ishia ile, weka mpito hapa, andika jina pale, teremsha sauti ya muziki. Ndiyo maana mtu hutunza mradi wake kwenye fleshi miaka na miaka, akaja kuufungua akakuta kila klipu ina alama ya X nyekundu. Alitunza maelekezo, video zikabaki kwenye kompyuta ya zamani.

Kwa hiyo, kabla ya kuhangaika na programu, amua unachotaka kirudi. Kuna filamu iliyokamilika, ya kutazama. Kuna mradi wenyewe, wa kuendelea kuuhariri. Na kuna video ghafi, pamoja na zile sehemu zilizokatwa kwa sababu siku zile zilionekana hazina maana. Njia inayokupa kimoja aghalabu haikupi kingine, na wengi hupoteza muda kwa kupigania mradi wakati walichotaka ni filamu.

| Njia | Unahitaji | Unapata | Unakosa |
|---|---|---|---|
| 1. Filamu iliyokwisha kutolewa | DVD, kanda, au faili la WMV, MPG, MOV | Filamu nzima, mara moja | Uhariri. Mara nyingi na ubora kiasi |
| 2. Kompyuta ileile ya zamani | Mashine inayowaka, programu na video zimo | Kila kitu kama kilivyoachwa | Usalama: diski inaweza kufa wakati wowote |
| 3. Programu ileile kwenye kompyuta ya leo | Nakala ya diski au faili la kusakinishia, pamoja na video ghafi | Filamu mpya yenye ubora wa awali | FireWire (waya wa kunasa kanda kutoka kwenye kamera), na baadhi ya programu zinazodai kadi ya picha |
| 4. Toleo jipya la programu ya ukoo huohuo | Video ghafi zote na leseni | Mradi unaoharirika | Mipito, maandishi na viongezi (programu ndogo za nyongeza) vya zamani |
| 5. Kujenga upya kwa kusoma mradi | Video ghafi na faili la mradi | Mradi usiotegemea tena programu iliyokufa | Muda wako |

Msimamo wetu ni huu: kwa filamu ya familia, anza na njia ya 1, kisha nenda ya 3 ili utoe nakala moja bora, na uachane na mradi. Njia ya 4 ina mvuto kuliko inavyostahili. Ya 5 huogopwa bure, na kwa aina moja ya miradi, ile ya .wlmp, ndiyo bora kuliko zote.

## Diski kwanza, njia yoyote utakayochagua

Usiiwashe kompyuta iliyolala miaka kumi ili uone tu kama bado ni nzima. Windows ikiwaka huandika vitu vyake kwenye diski, na inaweza kuandika juu ya eneo lenye mafaili yaliyofutwa ambayo yangeokoleka. Tena diski iliyochoka inaweza kuzunguka mara hiyo moja, isirudi tena.

Itoe diski, uiunganishe kwa adapta ya USB. Diski za IDE za inchi 3.5 zina pini 40 na hutaka umeme wa pembeni, kwa hiyo adapta lazima iwe na plagi yake ya ukutani. Za laptop, inchi 2.5, zina pini 44 na hupata umeme kupitia pini hizohizo. Nunua adapta yenye vichwa vyote viwili pamoja na SATA. Kama diski ya IDE haionekani kabisa, angalia jampa yake ya nyuma: iwekwe kwenye nafasi ya Master.

Kompyuta ikikuuliza kama uifomati diski au uirekebishe makosa, kataa. Diski ya Mac yenye mfumo wa HFS+ ikichomekwa kwenye Windows huonekana kama haijafomatiwa, na kumbe haina kasoro yoyote. Kwenye Linux, nakala ya diski nzima huchukuliwa kwa ddrescue:

```
ddrescue -d -n /dev/sdX diski.img diski.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdX diski.img diski.map
```

Amri ya kwanza huchukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuruka sehemu mbovu. Ya pili hurudia zile mbovu mara tatu. Faili la .map hukumbuka kilichokwisha kusomwa, hivyo unaweza kusimamisha kazi, ukaiacha diski ipoe, ukaendelea ulipoishia. Diski ikigonga tik-tik mfululizo, chomoa. Hapo panahitajika maabara ya kuokoa data, na kila dakika ya kujaribu mwenyewe inawapunguzia nafasi ya kufaulu.

Ndani ya nakala, tafuta *.mswmm, *.wlmp, *.stu, *.stx, *.vsp, *.veg, *.prproj na *.iMovieProject, kisha tafuta faili lolote linalozidi MB 500. Kwenye Windows XP, video zilikaa zaidi chini ya Documents and Settings, ndani ya My Videos. Windows ya leo ikikunyima ruhusa ya kuingia humo, usianze kubadilisha umiliki wa folda moja moja. Fungua nakala ile kwa Linux, kwa sababu kwa kawaida haijali ruhusa hizo.

Ukikuta kanda moja imekatwa kuwa mafaili ya GB 4 kila moja, usishangae. FAT32 haipokei faili kubwa zaidi ya hapo, na kwa DV hiyo ni takriban dakika 19 hadi 20. Usiyaunganishe kwanza wala usiyabadilishe majina. Mradi unayafahamu kwa majina na njia (anwani za folda) hizohizo, na ukizigusa unajitengenezea tatizo jipya juu ya lile la zamani.

## Njia ya 1: filamu ambayo tayari ipo

Pengine hii ndiyo njia inayodharauliwa zaidi. Filamu nyingi za nyumbani zilimalizwa kabisa, zikachomwa DVD, kisha mradi ukasahaulika. Tafuta kwenye makabati kabla ya kutafuta kwenye intaneti.

DVD ikisomeka, usiburute mafaili ya VOB na kuyabadilisha moja moja. Filamu moja imegawanywa kwenye VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, kila moja GB 1, na mpaka kati yao hauheshimu mwisho wa tukio. Ukiyabadilisha yakiwa mbalimbali utapata mikwaruzo ya sauti na fremu zilizopotea kwenye kila kiungo. Programu ya MakeMKV huichukua filamu nzima bila kuikandamiza upya. DVD iliyorekodiwa kwa mashine ya sebuleni ikionekana tupu kwenye kompyuta, huenda haikufungwa (finalize) mwishoni mwa kurekodi. Itie kwenye mashine iliyoirekodi, au ya aina hiyohiyo, uifunge kwanza kwa menyu yake.

Kuhusu ubora: video ya DVD haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na saa mbili zilizobanwa kwenye diski moja ya GB 4.7 hushuka hadi nusu ya hapo. DV ghafi ni megabiti 25. Tofauti huonekana kwenye majani, maji, confetti na kila penye vitu vidogo vinavyotikisika. Mafaili ya WMV yanatofautiana mno, kwani mengine yalitolewa kwa pikseli 320×240 ili yatumike kwa barua pepe. Programu ya MediaInfo itakuonyesha ukubwa wa picha, kodeki (namna video ilivyokandamizwa) na kasi ya biti kabla hujajifariji.

Kuna kitu kimoja ambacho watu hawakikumbuki: kanda ya MiniDV. Movie Maker ya XP iliweza kuirudisha filamu iliyokamilika kwenye kanda ya kamera, na wengi walifanya hivyo kwa sababu nafasi ya diski ilikuwa adimu. Nakala hiyo ni DV kamili, sawa na ile ambayo programu ingekutolea leo. Soma lebo za kanda zote. Ukipata hata moja iliyoandikwa kuwa imehaririwa, unachohitaji ni kamera yenye mlango wa FireWire, na kazi yote iliyobaki hapa chini inakuwa ya hiari.

## Njia ya 2: mashine ileile

Kama kompyuta ingalipo, programu imo na video zimo, hakuna njia iliyo kamili kuliko hii. Fonti zipo, viongezi vipo, herufi za diski ni zilezile. Hatari yake ni diski, kwa hiyo chukua nakala kwanza, kisha ikiwezekana iwashe mashine kwa diski iliyonakiliwa badala ya ile ya asili.

Badilisha betri ya CR2032 kwenye ubao mama kabla ya kuwasha. Ikiwa imekufa, tarehe itarudi nyuma miaka mingi, na programu zenye leseni zinaweza kukataa kufunguka kwa sababu hiyo tu. Usiunganishe mashine hiyo na intaneti. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na kusasisha hakutakusaidia chochote hapa. Filamu ikishatoka, ihamishie kwenye diski ya nje yenye fomati ya NTFS. Ukiacha FAT32, nakili itakwama kwenye GB 4.

## Njia ya 3: programu ileile, kompyuta ya leo

Hapa inabidi kutofautisha Movie Maker na Movie Maker, kwa sababu jina moja lilibeba programu mbili zisizofanana.

Ya kwanza ilianza na Windows Me mwaka 2000, ikakomaa kwenye XP, na huhifadhi miradi ya .MSWMM. Kwa Vista lilitoka toleo la 6.0, na kwa kompyuta za Vista ambazo kadi ya picha ilikuwa dhaifu Microsoft ilitoa toleo la 2.6, faili la kusakinishia likiitwa MM26_ENU.msi. Toleo hili la 2.6 husakinika hata kwenye Windows 10 na hufungua miradi ya XP. Halifungui miradi iliyohifadhiwa na 6.0. Kwa hiyo mradi wa .MSWMM ukikataa kwenye 2.6, angalia tarehe yake: kama ni ya enzi ya Vista, sababu ni hiyo.

Ya pili ni Windows Live Movie Maker ya 2009, iliyoandikwa upya na kuhifadhi .wlmp. Toleo lake la mwisho ni la 2012, na huduma yake ilikoma tarehe 10 Januari 2017, siku ambayo Microsoft ilikoma pia kuigawa. Tangu hapo matapeli wameitengeneza ya bandia. Mwaka huohuo kampuni ya usalama ESET ilionya juu ya Movie Maker feki iliyodai malipo ili ihifadhi filamu. Movie Maker halisi ilikuwa ya bure daima. Yoyote inayodai pesa, ifute.

Kabla ya kufungua mradi, rudisha herufi ya diski. Kama video zilikaa E:\Video na sasa ziko C:\Rejesho\Video, huna haja ya kuunganisha klipu 200 kwa mkono:

```
subst E: C:\Rejesho
```

Amri hiyo huifanya folda ionekane kama diski E. Fungua mradi na X nyekundu zitatoweka zote kwa mpigo. Zikibaki chache, bofya klipu moja kwa kitufe cha kulia, chagua kutafuta faili lililopotea, na mara nyingi nyingine za folda hiyo zitafuata. Athari ya subst huisha kompyuta inapozimwa, nalo ni jambo jema, haiachi uchafu.

Kama programu yako ni nyingine na inadai XP kabisa, tumia kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako. VirtualBox inatosha. Ipe XP RAM ya GB 1 hadi 2, na diski iunganishwe kwa kidhibiti cha IDE. XP haina dereva ya SATA, na ukiiwekea SATA itakufa kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B kabla hata ya kuonyesha kompyuta yako. Zima mtandao wake. Piga picha ya hali ya mashine kabla ya kusakinisha chochote, ili ukikosea urudi nyuma kwa sekunde chache.

Na kama ulichukua nakala ya diski kwa ddrescue, huenda usihitaji kusakinisha kitu. Ile nakala yenyewe inaweza kugeuzwa kuwa diski ya kompyuta pepe:

```
VBoxManage convertfromraw diski.img diski.vdi --format VDI
```

Ikiwaka vizuri, umepata kompyuta yako ya zamani ndani ya mpya, pamoja na programu, fonti na njia za mafaili vilevile zilivyokuwa. Tarajia Windows kudai uamilishwe upya, kwa sababu imeona vifaa vipya chini yake. Fanyia kazi nakala ya .img, si ile pekee uliyo nayo.

Mipaka ya kompyuta pepe inajulikana. VirtualBox haipitishi FireWire, hivyo kunasa kanda kufanyike kwenye mashine halisi. Movie Maker 6.0 hukagua kadi ya picha na inaweza kukataa kuwaka humo. Na video ya majaribio ndani ya dirisha hukwamakwama. Hilo lisikutishe: kukwama kwa onyesho hakuingii kwenye filamu inayotolewa.

Kwenye kutoa, watu huharibu kazi yote ya mwanzo. Kwenye Movie Maker ya zamani, nenda kwenye chaguo za juu, weka PAL au NTSC (mifumo miwili ya televisheni) kulingana na kamera iliyorekodi, kisha chagua DV-AVI. Ukiiacha kwenye NTSC, chaguo la DV-AVI ya PAL halitatokea kwenye orodha, na utadhani programu haina. Usichague WMV "iliyopendekezwa". Filamu ya saa moja itakuwa GB 13, acha iwe hivyo.

## Njia ya 4: toleo jipya la ukoo huohuo

VEGAS ilihamia MAGIX mwaka 2016 na matoleo mapya bado hufungua .veg. Ulead VideoStudio iliingia Corel mwaka 2006, nayo husoma miradi ya .vsp ya enzi zile. Premiere Pro hufungua .prproj za matoleo ya nyuma. Kwa hawa wote mradi hufunguka, ila si kila kilichokuwa ndani yake. Mpito uliotoka kwa kiongezi cha kampuni nyingine huwa mkato mtupu au kipande cheusi, na fonti isiyopo hubadilishwa na nyingine yenye upana tofauti, maandishi yakamwagika nje ya skrini. Premiere Pro ina la ziada: mwaka 2018 iliacha kodeki za enzi ya QuickTime 7, zikiwemo Cinepak na Sorenson. Video hizo zigeuze kwanza kabla ya kuzileta.

iMovie inastahili maelezo zaidi, maana ni koo mbili. Toleo la '08 liliandikwa upya kutoka sifuri. Miradi ya '08 hadi '11 hupandishwa na iMovie 10 kwa amri yake ya kusasisha miradi na matukio. Miradi ya iMovie HD na ya nyuma yake haifunguki kwenye iMovie 10. Inabidi ipitie kwenye '08, '09 au '11, na katika safari hiyo mipito yote hugeuzwa kufifia kwa kawaida, huku maandishi, athari na muziki vikiachwa. Kinachobaki ni klipu zilizopangwa kwa mfuatano. Tena programu hizo za kati ni za biti 32, na macOS iliacha biti 32 kuanzia Catalina ya 2019. Mojave ndiyo ya mwisho kuziwasha.

Kwa hiyo kwa iMovie HD tunashauri usiupandishe mradi. Faili la .iMovieProject ni folda iliyofichwa. Libofye kwa kitufe cha kulia, onyesha yaliyomo, na humo utakuta folda ya Media yenye klipu za DV. Zinakili zote mara moja. Hiyo pekee imekwisha kuokoa video ghafi, bila iMovie wala Mac ya zamani. Kisha angalia folda ya Cache kama ina Timeline Movie.mov. Faili hilo ni dogo kwa sababu linaelekeza kwenye klipu na mipito iliyomo ndani ya folda ileile, lakini ukilifungua kwa QuickTime Player 7, bila kulitoa mahali pake, linaweza kukuchezea filamu nzima iliyohaririwa. Kwa toleo la Pro unaihifadhi kama faili linalojitegemea. Ukilinakili peke yake kwenda kwingine, umenakili ganda tupu.

Muziki ni suala la pembeni. Nyimbo zilizonunuliwa iTunes kabla ya 2009 zenye mwisho wa .m4p zimefungwa kwa akaunti ya mnunuzi. Mradi ukifunguka bila muziki huku faili lipo, tazama mwisho wa jina lake kabla ya kulaumu kodeki.

## Njia ya 5: soma mradi kama ramani, ujenge upya

Kama programu ya zamani ingali inafunguka popote, hata kwenye kompyuta pepe, na ina uwezo wa kutoa XML au EDL (maelezo ya mikato yanayosomwa na programu nyingine), itoe kabla ya kufanya kingine. Final Cut Pro 7 hutoa XML ambayo Premiere Pro na DaVinci Resolve huisoma. Faili lake la .fcp lenyewe halisomwi na hata Final Cut Pro iliyokuja 2011. EDL hubeba kidogo: wimbo mmoja wa video, mikato na mififio ya msingi. Hata hivyo mikato ndiyo kazi kubwa ya mhariri, mengine hurudishwa kwa jioni moja.

Miradi ya .wlmp ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu faili lake ni maandishi ya XML. Lifungue kwa Notepad. Utakuta mistari ya MediaItem yenye filePath, yaani njia kamili ya kila video, na chini yake mistari ya VideoClip kwa mpangilio wa filamu:

```
<VideoClip extentID="7" mediaItemID="3" inTime="12.48" outTime="19.2" speed="1">
```

Maana yake: chukua faili namba 3, anzia sekunde 12.48, ishia 19.2, kasi ya kawaida. Klipu ambayo haikukatwa huwa na sifuri pande zote mbili. Ukitaka fremu, zidisha sehemu ya desimali kwa 25 kama video ni PAL: 0.48 mara 25 ni 12, yaani sekunde 12 na fremu 12. Maandishi ya vichwa nayo yamo humohumo, tayari kunakiliwa, jambo linalookoa majina ya watu ambayo hakuna anayekumbuka tena yaliandikwaje.

Kama video ghafi ni DV, unaweza kukata vipande kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri, bila kuvikandamiza upya, kwa kuwa kila fremu ya DV inajitegemea:

```
ffmpeg -ss 12.48 -to 19.2 -i kanda03.avi -c copy kipande01.mov
```

Vipange vipande kwenye Shotcut, Kdenlive au Resolve na mikato yako imerudi mahali pake. Hapa ndipo tunapoipa njia hii ushindi dhidi ya kufungua .wlmp kwa programu yake. Live Movie Maker haitoi DV-AVI kabisa. Hutoa WMV, na ya 2012 huongeza MP4, kwa hiyo video ya kanda hupoteza mistari yake ya kupishana (kila fremu ya kanda ni nusu-picha mbili zilizofumwa mstari kwa mstari) na kukandamizwa hapohapo. Ukijenga upya, ubora wa kanda unabaki. Lakini kama mradi ni picha za kamera na muziki chini yake, usijisumbue: sakinisha ya 2012, itoe MP4, maliza.

.MSWMM si maandishi. Kwa Linux au Mac unaweza kuchota njia za mafaili kutoka ndani yake:

```
strings -el harusi.MSWMM | grep -i avi
```

(Kama strings ya Mac yako haikubali -el, sakinisha ile ya binutils.) Hiyo hukuambia ni video zipi utafute, basi. Sehemu za kukata hazisomeki hivyo, na kwa miradi hii tunarudi njia ya 3.

## Mradi umefunguka lakini video ni nyeusi

Mara nyingi ni kodeki. Indeo ilikuwa ya kawaida kwenye AVI za miaka ya 1990, na Windows ilizifungia kodeki hizo kwa sababu za usalama mwaka 2009. ffmpeg na VLC bado huzisoma, pamoja na Cinepak, Sorenson na ile kodeki ya kati ya Apple iliyotumiwa kwa HDV. Geuza klipu hiyo kuwa DV-AVI, uipe jina lilelile na uiweke mahali palepale, ile ya asili ukiihifadhi kwingine. Mradi utaipokea bila kujua. Sharti ni moja: muda na mwendo wa klipu usibadilike. Klipu ya fremu 15 ikigeuzwa kuwa 25 kwa kuongeza mwendo, kila mkato unateleza.

Picha ikionekana na sauti haipo, huenda AVI ni ya DV aina ya kwanza, ambayo sauti imefumwa ndani ya mkondo wa picha. Movie Maker ilinasa hivyo. Programu kadhaa huiona picha pekee. Tiba yake ni kuifunga upya bila kuikandamiza: `ffmpeg -i kanda.avi -c copy kanda.mov`.

## Utoe nini mwishoni

Hifadhi ile DV au MOV iliyotoka kama ilivyo, hiyo ndiyo nakala mama. Ya kutazama na kuwatumia watu, toa MP4:

```
ffmpeg -i filamu.avi -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 256k filamu.mp4
```

Kichujio cha bwdif kwa hali hiyo hugeuza nusu-picha 50 za PAL kuwa fremu 50 kamili, na mwendo unabaki laini kama ulivyoonekana kwenye televisheni. Ukiacha mistari ya kupishana ndani ya MP4, simu nyingi zitaonyesha meno ya kitana pembeni mwa kila anayetembea.

Kisha tazama dakika ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, ukikodolea macho midomo ya anayezungumza. Kamera nyingi za MiniDV ziliachwa kwenye sauti ya biti 12, yaani 32 kHz, na mradi uliowekwa 48 kHz unaweza kuisogeza sauti kidogo kidogo hadi mwishoni ikapishana na picha. Mwanzo ukiwa sawa na mwisho ukiwa umeteleza, tatizo ni hilo. Geuza sauti ya klipu ghafi kuwa 48 kHz kwanza, ndipo utoe filamu upya.